Dhahabu Haishiki Kutu, Lakini Hupungua



Leo nataka tuzungumze juu ya kitu kidogo ambacho mama wengi wanacho kidoleni, na baba wengi pia, nacho ni pete ya ndoa ya dhahabu. Pamoja nayo tutataja hereni, mkufu na msalaba mdogo wa shingoni, vitu ambavyo familia nyingi huvipata kwa shida na kuvirithisha kwa watoto. Huenda mtu akacheka na kuuliza, “Sisi wakulima na wavuvi wa Kigoma tuna dhahabu gani ya kutunza?” Mimi namjibu hivi: tajiri mwenye pete kumi akiharibu moja, anazo tisa. Mwenye moja akiiharibu, hana tena. Basi elimu hii yatufaa sisi kuliko imfaavyo tajiri.

Mimi ni karani wa parokia, na kazi yangu hunikutanisha na watu wa ndoa. Wachumba huja kuandikisha majina yao, na wazee huja kutafuta vyeti vyao vya zamani. Wote huweka mikono juu ya meza yangu wakitia sahihi. Nimeona pete zilizovaliwa miaka 40, nazo zina umbo lake lile lile. Tena nimeona pete za miaka 5 zilizokwaruzwa, zilizopinda, na kuwa nyembamba kama uzi wa nyavu. Mara nyingi tofauti yake ni matunzo.

Kwanza yatupasa kujua dhahabu ni kitu cha namna gani. Dhahabu safi, ile iitwayo ya karati 24, ni laini mno. Pete ya dhahabu safi hupinda upesi. Kwa hiyo masonara huichanganya na shaba au fedha ili iwe ngumu. Pete ya karati 18 ina sehemu 18 za dhahabu katika kila sehemu 24, na sehemu 6 ni madini mengine. Tazama ndani ya pete yako mahali penye mwanga. Ukiona 750, maana yake ni sehemu 750 za dhahabu katika 1,000, ndiyo karati 18. Ukiona 585, ni karati 14. Na 375 ni karati 9. Lakini alama yaweza kughushiwa, kwa hiyo heri kununua kwa sonara anayejulikana kuliko kununua njiani.

Dhahabu yenyewe haishiki kutu. Ikae ardhini, ikae majini, haiozi. Basi kwa nini pete zetu huwa nyeusi na kufifia? Sababu ni mbili. Ya kwanza, ile shaba na fedha iliyochanganywa nayo huweza kubadilika rangi kidogo kwa jasho na hewa. Ya pili, ambayo ndiyo kubwa, ni uchafu tu. Hapa kwetu Mwandiga na vijiji vya jirani mikono ya mama haipumziki. Asubuhi yumo shambani, mchana anachemsha mawese, jioni anatengeneza dagaa au anasonga ugali. Mafuta ya mawese hunata ndani ya pete, vumbi hunata juu ya mafuta, na sabuni hukauka juu ya vumbi. Baada ya mwezi mmoja mtu husema, “Dhahabu yangu imechuja.” Haikuchuja, ndugu yangu. Imefunikwa.

Hapo ndipo kosa huanza. Kwa kudhani kwamba dhahabu imeharibika, mtu huishambulia kama sufuria iliyoungua. Huchukua mchanga, au majivu, au steel wire ya kusugulia vyungu, au dawa ya meno, akasugua mpaka mkono ukachoka. Kweli pete hung'aa, lakini kumbukeni kwamba dhahabu ni laini, na mchanga hukwaruza hata kioo. Kila msuguo huondoa vumbi la dhahabu lisiloonekana kwa macho. Dawa ya meno nayo ina chembechembe za kusugulia, ingawa ni laini mdomoni. Kufanya hivyo kila Jumamosi kwa miaka mingi ni kuila pete yako mwenyewe. Haba na haba hujaza kibaba, nayo haba na haba hukimaliza.

Sasa njia iliyo njema ni hii, wala haina gharama.

Twaa bakuli, utie maji ya uvuguvugu, si ya kuchemka. Tia matone machache ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, au mkato mdogo wa sabuni ya kuogea uliokorogwa mpaka ukayeyuka. Weka pete humo dakika 10 au 15, ili mafuta yalegee yenyewe. Kisha chukua mswaki laini, kama ule wa mtoto, uliotengwa kwa kazi hii, upitishe polepole ndani na nje. Suuza katika bakuli la pili la maji safi. Kausha kwa kitambaa laini cha pamba. Kipande cha kanga kuukuu chatosha. Kazi imekwisha. Mara moja kwa mwezi yatosha kabisa kwa pete ivaliwayo kila siku.

Yako mambo mawili ya kuangalia. La kwanza, usisuuze pete kijitoni, wala ziwani, wala juu ya shimo la maji machafu. Suuza ndani ya bakuli, na kabla ya kumwaga maji hesabu vitu vyako. Ziwa letu la Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi mahali pa chini kabisa. Halina desturi ya kurudisha pete. La pili, maji ya ziwa hili yana magnesi nyingi iliyoyeyuka ndani yake, na sabuni ikikutana na maji ya namna hiyo hutoa utando mweupe badala ya povu. Utando huo hukaa juu ya dhahabu na kuifanya ififie. Wenye maji ya ziwa wafaa kutumia maji ya mvua kwa kuoshea na kusuuzia pete.

Sasa nitataja vitu vya kuepukwa. Dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, ile waiitayo wengi jiki, ina klorini. Klorini hushambulia yale madini yaliyochanganywa na dhahabu, na mahali palipoungwa hulegea mpaka pakapasuka. Basi mama, vua pete kabla ya kufua kwa dawa hiyo. Ndimu na chumvi ni vizuri kwa sufuria za shaba; kwa pete na mikufu havina kazi, tena huweza kuharibu mawe yaliyopachikwa na dhahabu ya kupakwa. Na kitu kibaya kuliko vyote ni zebaki. Hii hutumiwa na wachimbaji wadogo wa dhahabu, kama kule Geita na Chunya, kwa sababu zebaki hushikana na dhahabu mara igusapo. Vijana wetu waendao machimboni wasirudi nayo nyumbani. Ikigusa pete, pete hugeuka nyeupe na kuwa dhaifu. Wala mtu asijaribu kuichoma jikoni ili kuiondoa, maana mvuke wake ni sumu. Huharibu ubongo na figo, na humdhuru mtoto aliye tumboni mwa mama yake.

Hapa nataka kuwaeleza habari ya mama mmoja mjane, ambaye sitamtaja jina. Mumewe alimvika pete ya karati 18 siku ya arusi yao. Baada ya mazishi ya mumewe alisema kwamba pete hiyo haitauzwa, bali mwanawe wa mwisho atamvika mkewe siku atakapooa. Siku moja ya gulio alikuja kijana mgeni mwenye chupa mbili na kibakuli, akitangaza kwamba anasafisha dhahabu kwa fedha kidogo sana. Mama akampa pete. Kijana akaitumbukiza katika maji yake mbele ya macho ya watu wote, akazungumza na kuchekesha watu kwa muda, akaitoa ikimetameta kama mpya. Mama akalipa na kushukuru. Watu wakasema, “Kweli huyu ni fundi.”

Miezi michache baadaye mwanawe akachumbia, na pete ikapelekwa kwa sonara mjini ipunguzwe iingie kidole cha binti. Sonara akaipima. Bahati njema mama alikuwa ameitunza stakabadhi ya zamani, iliyoandikwa gramu 4. Mizani ikaonyesha gramu 3 na nusu. Sonara akamwuliza, “Mama, nani ameigusa pete hii?” Akamweleza habari ya kijana na chupa zake. Ndipo sonara akamfunulia hila hiyo.

Ziko tezabu mbili, yaani asidi, ambazo kila moja peke yake haiwezi kuyeyusha dhahabu. Zikichanganywa pamoja, huiyeyusha kama sukari katika chai. Watu wa kale wa Ulaya waliuita mchanganyiko huo maji ya mfalme, kwa kuwa huweza kumshinda mfalme wa madini. Mdanganyifu hutumbukiza pete humo kitambo, uso wake ukaliwa kidogo, pete ikatoka inang'aa. Dhahabu iliyoliwa haikupotea. Imo katika kibakuli chake. Jioni huitoa majini kwa dawa nyingine na kuiuza.

Je, nusu gramu ni kitu? Mwaka 2025 bei ya dhahabu duniani ilivuka dola 4,000 kwa wakia moja, yaani gramu 31 na kidogo. Kwa bei hiyo, dhahabu iliyomo katika nusu gramu ya karati 18 ilikuwa na thamani ya zaidi ya dola 40, na kwa fedha zetu ilizidi shilingi 100,000. Mama alilipa ada ya kusafishiwa, na juu yake akalipa hizo. Lakini hakulia kwa ajili ya shilingi. Alisema, “Baba watoto alinipa gramu 4, nami nitampa mkwe wangu pungufu.” Arusi ilifungwa, na binti akaivaa pete hiyo kwa furaha, lakini mama mwenyewe ndiye aliyeniomba niwaonye wengine.

Kwa hiyo, wasomaji, shikeni neno hili: usimpe dhahabu yako mtu apitaye, ambaye hujui kwake wala duka lake. Ikiwa ni lazima fundi aiguse, nenda kwa sonara mwenye mahali pake, mwombe aipime mbele yako kabla ya kazi na baada ya kazi, akuandikie. Wahenga walisema, “Mali bila daftari hupotea bila habari.” Stakabadhi ya pete, yenye uzito na karati zake, iwekwe pamoja na cheti cha ndoa na vyeti vya ubatizo vya watoto. Asiyekuwa na stakabadhi aende akapimiwe sasa, aandike katika daftari la nyumbani. Kama yule mama asingalikuwa na karatasi ile, asingalijua kamwe kwamba ameibiwa.

Si kila kitu chenye rangi ya dhahabu ni dhahabu yote. Viko vitu vilivyopakwa dhahabu juu tu, na ndani ni shaba au madini mengine. Ukiona kwenye kingo rangi nyekundu au nyeupe imejitokeza, kitu chako ni cha kupakwa. Hicho kisisuguliwe kamwe, hata kwa mswaki. Futa tu kwa kitambaa laini chenye unyevu, ukaushe. Sumaku haitoshi kukupa jibu, kwa maana haivuti dhahabu, lakini haivuti shaba pia. Na hereni zenye lulu au mawe yaliyobandikwa kwa gundi zisilowekwe majini, bali zifutwe.

Neno hili lawahusu pia mama na vijana wasaidiao katika sakristia. Sheria za Kanisa zasema kwamba kalisi iliyotengenezwa kwa madini yashikayo kutu, au yaliyo duni kuliko dhahabu, ipakwe dhahabu kwa ndani. Utando huo ni mwembamba sana. Msiuguse kwa mchanga wala kwa steel wire kwa nia njema ya kumpendeza Padre. Kwanza vyombo hivyo hutakaswa na Padre au wenye ruhusa. Baada ya hapo huoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, vikasuuzwa na kukaushwa kwa kitambaa safi. Ukiuona utando umechakaa, mwarifu Paroko.

Sasa tuseme juu ya kuvua na kuweka. Vua pete uendapo kulima, kukamua mawese, kuchanganya saruji na kufua kwa dawa. Ninyi baba wavuvi, vueni kabla ya kuingia mtumbwini. Pete ikinaswa na kamba au wavu wenye mzigo, huweza kung'oa nyama ya kidole chote, na jambo hilo limewapata watu. Tena maji ya baridi hufanya vidole vipungue, pete ikateleza bila wewe kujua. Ukiisha kuivua, usiifunge katika pindo la kanga, maana kanga itafuliwa nayo itakwenda na maji. Usiiweke dirishani. Tafuta kikopo kimoja chenye kifuniko, kiwe mahali pamoja siku zote, na kila kitu kifungwe katika kitambaa chake, kwa sababu hereni na mkufu vikilala pamoja hukwaruzana. Wale wenye pete iliyolegea, ambao huizungushia uzi ili isianguke, wabadilishe uzi huo kila wiki, kwa maana hushika mafuta na maji na kuchubua ngozi.

Liko jambo kubwa kuliko dhahabu yenyewe, nalo ni kidole. Mama mjamzito huweza kuvimba mikono, hasa miezi ya mwisho. Mtu aliyeumwa na nyuki au aliyejeruhiwa mkono huvimba pia. Vua pete mapema, ingali inazunguka kwa urahisi. Ikiwa imekwisha kukaza, inua mkono juu ya kichwa kwa dakika chache, uuloweshe katika maji baridi, kisha paka sabuni au mafuta, hata mawese yanafaa, uizungushe polepole bila kuivuta kwa nguvu. Kidole kikiwa cha buluu, au cheupe, au kikifa ganzi, usingoje asubuhi. Nenda zahanati au hospitali, pete ikatwe. Wako watu wanaoogopa, wakidhani kwamba kukata pete ni kuvunja ndoa. Siyo. Sonara huweza kuiunga pete, lakini kidole kilichokufa hakiungwi. Tena mama mjamzito akivimba ghafula mikono na uso, akaumwa kichwa na kuona giza, aende hospitali upesi hata kama pete yake imetoka, maana hiyo ni dalili ya ugonjwa wa hatari.

Mwisho, nina neno kwa wachumba. Hukutana nao mezani wakisema wataahirisha ndoa mwaka mwingine kwa sababu fedha ya pete ya dhahabu haijatimia. Ndugu zangu, ndoa hufanywa na ukubali wa bwana na bibi mbele ya Kanisa, wala haifanywi na karati. Pete ni ishara ya upendo na uaminifu, na pete ya fedha au ya chuma kisichoshika kutu hubarikiwa kama ile ya dhahabu. Aliye nayo ya fedha na aifute mara kwa mara kwa kitambaa laini, kwa kuwa fedha hugeuka nyeusi hewani. Wala asimwonee haya mtu.

Mtume Petro, katika barua yake ya kwanza, alifananisha imani na dhahabu ijaribiwayo kwa moto, akasema imani ina thamani kuliko hiyo. Nami naona ndoa zetu nazo zafanana na pete hizi. Mara nyingi haziharibiwi na kishindo kimoja kikubwa, bali na kusuguana kila siku kwa maneno makali kama mchanga. Usiku huu, bwana na bibi, leteni bakuli moja la maji ya uvuguvugu, mtie pete zenu zote mbili, na zinapolowa dakika 10 zungumzeni kwa upole habari za nyumba yenu. Kesho tafuteni stakabadhi.

Mungu awabariki katika nyumba zenu.